Jinsi Nilivyomfanyisha Mbinya Mazoezi ya Piano

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa mtu wa pekee pale Kola aliyeruhusiwa kugusa piano ya kanisa kila wiki, ukimwondoa mwenye kuipiga, na ruhusa yangu ilikuwa ya kitambaa tu. Jumanne na Ijumaa nilifagia, nikafuta madirisha, kisha nikazungushia kidole kitambaa na kupangusa vile vibao kimoja kimoja, kutoka vile vinavyonguruma kama fahali upande wa kushoto hadi vile vinavyolia kama kifaranga upande wa kulia. Katika juma zima hakuna saa niliyoipenda kuliko hiyo, hata saa ya chai, na mtu anayenijua atakwambia hilo si jambo dogo.

Piano yenyewe tuliachiwa na mama mmoja Mzungu aliyefundisha kwaya, siku aliporudi kwao. Baada yake ikapigwa na Mwalimu Jeremiah. Halafu mwaka wa 1999 Mwalimu Jeremiah akapewa uhamisho, akaenda kuwa mwalimu mkuu huko Ekalakala, na piano ikanyamaza. Haikumaliza mwezi kabla watu wa mjini hawajasikia ule ukimya.

Ikaja barua. Aliyeisoma ni Mzee Festus, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mtu ambaye hata akikusomea bei ya mbegu utadhani anazika. Ilisema kwamba Jumapili ya mavuno, mwisho wa mwezi wa nane, Pasta Njogu wa kanisa kubwa la Machakos mjini atakuja kuabudu nasi pamoja na wazee wawili. Wakikuta Kola kuna mtu wa kupiga piano nyimbo tatu za ibada, piano itabaki. Wasipomkuta, Jumatatu lori litakuja kuichukua, kwa sababu mjini vijana wa kuipiga ni wengi, na chombo kizuri hakifai kukaa kama kabati.

Mzee Festus akauliza ni nani anaweza. Kanisa zima likaangalia viatu. Mimi niliangalia piano, nikafikiria Jumanne ya kufagia tu. Nikaona giza.

Nilikuwa na miaka sitini na nne. Shule niliacha darasa la nne. Lakini yeyote aliyeimba kwaya huku kwetu anajua kusoma do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi juu ya maneno ya wimbo, na mimi nimeimba kwaya tangu nikiwa na meno yote. Nilikuwa najua sauti gani inakaa kwenye kibao gani, maana nimevipangusa mara ngapi? Nilichokosa ni vidole tu. Na vidole, nikajiambia, ni kama watoto: ukivipangia kazi vinafanya, ukiviacha vinakaa.

Nikaenda kwa Mzee Festus nikamwambia yuko mtu anayejifunza.

"Ni nani?"

"Hataki kutajwa, Mzee. Ana aibu. Mimi kazi yangu ni kumfungulia mlango."

Mzee Festus alifurahi hadi akanishika mkono. Kufikia Jumapili Kola yote ilikuwa inatafuta mwenye aibu. Wengine walisema ni nesi wa zahanati, wengine wakasema ni yule kijana wa posta anayetembea akipiga mluzi. Mimi niliulizwa kila mahali, na kila mahali nikajibu kwamba anajitahidi, ila mkono wa kushoto ni mzito. Akina mama wakaanza kunipa vitu nimpelekee: ndizi, mayai ya kuchemsha, chupa ya uji wa wimbi. Nikawashukuru kwa niaba yake. Mwenye aibu alinenepa kidogo wiki hizo.

Sasa, ratiba. Ya kwanza aliiandika mjukuu wangu Linet, aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni yenye mwalimu wa muziki. Yeye peke yake nilimwambia ukweli, alipokuja nyumbani mapumziko ya katikati ya muhula. Alichukua rula, akachora mistari, akanipangia saa mbili kila siku: nusu saa ya kupanda na kushuka vibao, nusu saa mkono wa kulia, nusu saa mkono wa kushoto, nusu saa mikono yote.

"Na ng'ombe atakamuliwa na nani?" nikamuuliza.

"Susu, kama hutaki kujifunza, sema." Susu ndivyo wajukuu wanavyoita nyanya huku kwetu, na namna yule mtoto anavyolitamka hilo neno, unaweza kudhani yeye ndiye nyanya.

Ratiba yake niliikunja vizuri nikaweka ndani ya kitabu cha nyimbo, nikatunga yangu. Dakika ishirini asubuhi, baada tu ya kuosha vyombo kwa maji ya moto, kwa sababu saa hiyo mifupa ya vidole vyangu inakubali kukunjika. Hizo nilipiga mezani jikoni, ambapo nilichora vibao kwa makaa, vyote, hadi pembeni. Dakika ishirini nyingine kanisani. Na kwa kuwa siku za kufagia zilikuwa mbili tu, nikamwarifu Mzee Festus kwamba tangu barabara ilipoanza kuparuliwa vumbi limezidi, na kanisa sasa litafagiliwa kila siku. Akasema Mungu atanilipa.

Vidole nilivipa majina, ili nikivigombeza vijue ni nani anagombezwa. Gumba nilikiita Mzee Festus, maana ni kinene na kinataka kutangulia kila mahali. Kidole cha pete nilikiita Urbanus, jina la kitinda mimba wangu, kwa vile hakiamki mpaka mwenzake wa kando aamke. Kidole cha mwisho kilikuwa Linet: kidogo, na maneno mengi.

Kosa la kwanza nililifanya wiki mbili nzima. Kila nikikaa nilianza na mstari wa kwanza wa wimbo, kwa sababu ndio nilioujua, na mimi ni nani nisipende kusikia kitu kitamu? Mstari wa kwanza ukawa kama siagi. Wa mwisho ukawa kama kokoto. Ndipo nikageuza. Nikajipiga marufuku kugusa mwanzo. Nikaanza na mstari wa mwisho, mkono mmoja, polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, hadi ukalainika; kisha ule wa juu yake, na kushuka nao hadi mwisho; hivyo hivyo kupanda. Kila nilipofika mbele nilikuta njia naijua. Na mbaazi saba niliziweka mfuko wa kulia wa aproni. Nikipiga mstari bila kukosea, mbaazi moja inahamia mfuko wa kushoto. Nikikosea, zote zinarudi. Siku ya kwanza mbaazi zilirudi hadi nikaona heri nizipike. Lakini wiki ya nne nilikuwa na wimbo namba 12 wote, mikono miwili, na nusu ya namba 45. Hizo mbili na namba 103 ndizo zilizochaguliwa na kamati.

Nilijisifu. Kujisifu hakukuwa kwenye ratiba, na ndiko kulikoniponza.

Jumapili moja nilikaa benchi langu, wimbo namba 12 ukatangazwa, na Mbinya akasimama kuuanzisha. Mbinya, Mama Muli, ndiye mwanzishaji wetu wa nyimbo. Kanisani kwetu piano haianzishi kitu. Mwanzishaji anasimama, anainua sauti, watu wanamfuata, na piano inaingia nyuma yao kama mgeni aliyechelewa. Imekuwa hivyo tangu kabla ya piano. Sasa Mbinya alipofungua mdomo, vidole vyangu vikapiga pamoja naye juu ya Biblia, na ghafla vikakwama. Sauti yake haikuwa pale nilipoizoea. Baada ya ibada nikabaki eti nafunga madirisha, nikaitafuta kwenye piano. Mbinya alikuwa ameanzia vibao vitatu juu ya changu. Jumapili iliyofuata akaanzia viwili chini.

Mwalimu Jeremiah alikuwa anamwinda huko na huko, na anampata. Mwalimu alisomea. Mimi nilijua njia moja tu, nikianzia kibao kimoja, na ukinihamishia mwanzo umenihamishia kila kitu. Zilibaki wiki nne. Kujifunza nyimbo tatu kutoka kila kibao kungehitaji maisha mengine.

Nikakaa jikoni nikafikiri. Kama mimi siwezi kumfuata Mbinya, basi Mbinya ndiye atakayenifuata. Nikachukua kalamu nikaongeza mstari kwenye ratiba: kila siku, baada ya kanisa, Mbinya, dakika kumi.

Ilikuwa hivi. Nikimaliza kupiga, nabonyeza kile kibao cha kuanzia, naishika ile sauti kooni, nafunga mlango na kuondoka nikivuma kwa pua, mmm, moja kwa moja hadi kwa Mbinya, mwendo wa kama nusu kilomita. Shida ni salamu. Njiani watu ni wengi, na ukimjibu mtu habari yake sauti inadondoka. Kwa hiyo sikumjibu mtu. Nilitikisa kichwa tu na kupita nikivuma. Siku ya tatu nikasikia Kola inasema nimeingiwa na majivuno. Siku ya tano wakasema ni jino, na mama mmoja akanitumia karafuu.

Nilimkuta Mbinya uani, mara akipura maharagwe, mara akichambua mbaazi. Nikakaa kando yake, nikashika kazi, nikaanza kuimba namba 12 polepole kama mtu asiye na nia. Mbinya ana ugonjwa mmoja: hawezi kusikia wimbo akanyamaza. Mstari wa pili tayari alikuwa ndani, na kwa sauti yangu. Jumatatu namba 12, Jumanne namba 45, Jumatano namba 103, kisha tunarudia. Hakuuliza kitu. Baada ya wiki mbili nilianza kufika nimenyamaza, nikamwacha aanze mwenyewe nami nikisikiliza kama fundi anayesikiliza injini. Jumapili ya kabla ya mavuno akaanzisha namba 45 kanisani, na mimi, nikiwa benchini na macho yamefungwa kama mwenye kuomba, nikajua ni penyewe, sawasawa, kibao changu.

Ijumaa, siku mbili kabla ya wageni, nilikuwa napiga namba 103 nikasikia mtu amesimama nyuma. Mlangoni, na jua lote mgongoni, Mbinya.

Nikachukua kitambaa nikaanza kupangusa. Akaja hadi kwenye piano, akaketi benchi la kwanza, akakunja mikono.

"Mama Urbanus," akasema, "huyo mtu wako mwenye aibu, ndizi zangu alizionaje?"

"Alisema zilikuwa tamu."

"Nilijua. Wiki ile uliyoshikwa na homa, piano nayo haikusikika."

Nikaendelea kupangusa kibao kilichokwisha pangusika. Akaniuliza nilidhani yeye ni kasuku, wa kuletewa wimbo kila siku hadi ashike. Alikuwa amejua tangu siku ya pili. Kwanza alifikiri nimezeeka vibaya, kisha akaanza kuhesabu siku, akaona Jumatatu ni hii, Jumanne ni ile, akajua kuna mtu amekaa mahali akaandika.

Nikamwambia ukweli wote. Kwamba najua njia moja tu. Kwamba akianzia kibao kingine Jumapili, hata kimoja tu, nitakaa pale mbele ya wageni na mikono mapajani, na Jumatatu lori litakuja.

"Na likija?" Mbinya akasema. Hakusema kwa ubaya, aliangalia dirishani. "Kabla ya hiki kitu, watu wakitoka hapo nje walikuwa wanasema, leo Mbinya ameimba. Sasa wanasema, leo piano imelia. Miaka yote hiyo, Syokau. Wewe hujawahi kusikia hivyo kwa sababu wewe pia ndivyo ulikuwa unasema."

Ni kweli nilikuwa nasema. Nikaweka kitambaa chini.

"Ubeti wa kwanza ni wako," nikamwambia. "Wa kila wimbo. Sitagusa kitu. Nitaingia wa pili."

"Hiyo unanipa kwa sababu unaniogopa."

"Nakuogopa, ndiyo. Lakini pia mkono wa kushoto ni mzito."

Mdomo wake ukacheza kidogo. Akasimama, akapangusa sketi, akasema tutaonana Jumapili, akatoka. Hakuniambia ndiyo, hakuniambia la. Siku hiyo sikwenda kwake kuvuma, wala Jumamosi. Nilirudia mistari ya mwisho mezani hadi makaa yakafutika.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Mbele palikuwa na malenge, mahindi, kuku watatu waliofungwa miguu, na mbuzi mmoja aliyekuwa akila maua ya mimbari. Pasta Njogu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye daftari. Mzee Festus akatangaza, kwa sauti ya mazishi, kwamba sasa mpigaji wetu wa piano ajitokeze. Watu wote wakageuka kumtazama nesi. Nesi naye akageuka kumtazama kijana wa posta. Nikainuka mimi, na aproni yangu, maana nilikuwa nimesahau kuivua, nikapita katikati. Nilisikia mtu akisema, "Na yale mayai?"

Nikaketi. Namba 12. Mbinya akasimama, hakuniangalia, akavuta pumzi.

Ubeti wa kwanza akaimba peke yake, watu wakamwachia, na sijui kama niliwahi kumsikia Mbinya kabla ya siku hiyo. Kidole changu nilikiweka juu ya kibao bila kukibonyeza, nikingoja kujua. Ilikuwa penyewe. Ubeti wa pili nikaingia, na kanisa likaingia nami kama maji. Namba 45 hivyo hivyo. Namba 103 Urbanus alilala mara mbili, lakini Mzee Festus wa mkono wa kulia akamfunika. Nikamaliza. Watu wakapiga vigelegele. Pasta Njogu akaandika kitu kwenye daftari, akatabasamu, nikaanza kuinuka.

"Mama, usituache bado," Pasta akasema. "Tupigieni namba 80. Ndio wimbo wa mama yangu."

Nikaketi tena. Namba 80 hata mwisho wake sikuujua, sembuse mwanzo. Pasta alikuwa anangoja na uso mzuri kama wa mtoto aliyeomba maji. Mzee Festus alianza kunikonyeza niendelee. Nikamgeukia Mbinya, na kwa mdomo tu, bila sauti, nikamwambia: hiyo sina.

Mbinya alinitazama. Angeweza kuuanzisha jinsi ulivyo, aimbe kwa furaha yake, nami nikae kama gunia. Kisha akawageukia watu, akainua kidevu, akaanza.

Maneno yalikuwa ya namba 80. Lakini tuni ilikuwa ya namba 45.

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba yanaingia. Yanaingia. Mistari ni minne, na kila mmoja una urefu ule ule, silabi kwa silabi, kama watoto mapacha na nguo zao. Mbinya aliimba bila hata kupepesa jicho. Ubeti wa kwanza kulikuwa na vita kidogo: wanaume wachache wa nyuma walijaribu kuuvuta wimbo kwenye njia yake ya zamani. Lakini huku kwetu mwanzishaji akishika njia hiyo ndiyo njia, na akina mama walikuwa wameshapita na Mbinya. Kufikia mstari wa nne wale wanaume nao walikuwa wamemfuata. Ubeti wa pili nikaingia na mikono miwili, kwa kibao changu, kwa njia yangu, nikampigia Pasta Njogu wimbo wa mama yake ambao mama yake asingeutambua.

Mzee Festus alishikwa na kikohozi hadi mwisho wa ubeti wa tano.

Nje, wakati wa chakula, Pasta alikuja na sahani yake hadi tulipoketi mimi na Mbinya. Akasema ameimba namba 80 maisha yake yote na hajawahi kuusikia hivyo.

"Sisi huku Kola tunauimba hivyo, Pasta," Mbinya akamwambia, akimwongezea nyama. "Labda nyinyi wa mjini ndio mliupotezea njiani."

Pasta akasema inawezekana kabisa, na akaandika hilo pia. Akasema piano inabaki, na kwamba angependa kwaya yake wafundishwe ule wimbo kama unavyoimbwa na watu wa asili. Alipoondoka hatukutazamana. Mbinya alikuwa na mfupa mdomoni na mabega yakimtetemeka.

Kwaya ya mjini walikuja, kweli, mwezi wa kumi, vijana kumi na wanne na kinasa sauti, tukawafundisha. Baadaye nikasikia walikwenda nao kwenye mkutano mkubwa huko Kivaa, na kwamba sasa hata Kivaa wanauimba hivyo. Watoto waliobatizwa tangu wakati huo hawajui njia nyingine. Najua ni lazima mmoja wetu amwambie Pasta Njogu, kabla hajafika mbinguni akamwimbia mama yake. Mimi na Mbinya tulishakubaliana, na nimeshaliandika kwenye ratiba, Alhamisi, dakika tano. Lakini Alhamisi ndiyo siku Mbinya anakuja kujifunza mkono wa kushoto, na tukimaliza huwa tumechelewa.